Pangani: mji wangu ambao ramani ya darasani imeusahau

Jumamosi mbili zilizopita niliwaomba watoto wa darasa la kati waje na jina la mahali alikotoka bibi au babu yao, tukatafute kwenye ile ramani kubwa ya Afrika Mashariki iliyo ukutani. Wengi walibahatika. Mombasa ipo, Bukavu ipo, Kampala na Dodoma zipo. Zamu yangu ilipofika nikasema Pangani. Mtoto mmoja akapitisha kidole kutoka Tanga akashuka nacho pwani, akarudi juu, akashuka tena. "Mwalimu," akaniambia kwa upole, kama mtu anayeleta habari ya msiba, "hapa hamna kitu. Ni bahari tu."

Alikuwa sahihi. Kwenye ramani ile Pangani haipo. Aliyeichora aliona mji wenyewe ni mdogo mno, akapita. Siku hiyo hiyo, tukiwa mlangoni tunavaa makoti, mzazi mmoja akaniuliza kama huko kwetu ni mjini au ni shamba. Nilicheka kwa sababu hata mimi sina jibu la neno moja. Kuna boma la zamani, soko, hospitali ya wilaya na nyumba za mawe zenye milango ya nakshi. Ukitembea dakika kumi tu unakutana na minazi na kuku. Kwa hiyo leo nawaandikieni wote wawili, yule mtoto na yule mzazi, niwaeleze mji huo uko wapi, hali ya hewa yake ikoje na nani wanaishi humo. Wazazi, wasomeeni wadogo kwa sauti, na pale mtakapoona nimetumia neno la pwani lisilojulikana kwenu, mwambieni mtoto neno la kwenu.

Kwanza itafute Tanga, mji wa bandari ulio kaskazini mwa pwani ya Tanzania, karibu na mpaka wa Kenya. Kutoka hapo shuka kusini kwa barabara kama kilomita 50. Utapita mashamba ya mkonge, utapita Kigombe na wavuvi wake, halafu nchi inakatika ghafla na mbele yako kuna mto mpana wenye rangi ya chai ya maziwa. Umefika. Ukisimama ufukweni ukaitazama bahari, Pemba iko mkono wako wa kushoto na Unguja mkono wa kulia, ingawa zote ziko mbali huwezi kuziona. Mji wenyewe umekaa upande wa kaskazini wa mto. Ng'ambo ya kusini ni Bweni. Watu wa Bweni na watu wa mjini wanaonana kila siku, wanapungiana mikono, lakini katikati yao kuna maji, na maji hayo ndiyo yanayotawala maisha yao wote.

Mto Pangani hauanzii Pangani. Unaanzia mlimani, mbali sana, kwenye mitelemko ya Kilimanjaro na Meru. Mito miwili mikubwa, Kikuletwa na Ruvu, inakutana kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo mto unateremka ukipita kando ya milima ya Upare na Usambara mpaka baharini. Safari yote ni kama kilomita 500. Bonde lake lina zaidi ya kilomita za mraba 40,000, na kipande chake kidogo kiko Kenya.

Watoto wengi hapa wanapenda kuamini kwamba maji hayo ni theluji ya Kilimanjaro iliyoyeyuka. Wanaona fahari kwamba nasi tuna theluji! Theluji ipo, lakini mchango wake ni mdogo sana. Maji mengi yanatokana na mvua inayonyesha kwenye misitu ya mlimani, ikazama ardhini na kutokea chini kama chemchemi. Msitu ukikatwa, mto unaumia kuliko hata barafu ikiyeyuka.

Sasa fikiria umbali huo wote na watu waliomo njiani. Kuna wakulima wa mpunga na mashamba ya miwa chini ya Moshi, kuna kahawa, kuna maua yanayolimwa karibu na Arusha na kuuzwa Ulaya. Kuna mji wa Moshi na mji wa Arusha wenyewe. Kuna mitambo ya umeme ya Nyumba ya Mungu, Hale, na New Pangani Falls. Hii ya mwisho ilianza kazi mwaka 1995, ina uwezo wa megawati 68, na fedha za kuijenga zilitoka Norway, Finland na hapa hapa Sweden. Kwa hiyo mzazi unayelipa kodi Stockholm tangu miaka hiyo, kuna taa Tanzania ambayo na wewe umechangia kidogo. Mitambo ya umeme hainywi maji, inayapitisha tu. Lakini mashamba yanakunywa, na jua linakausha mabwawa. Maji yanayofika kwetu Pangani ni yale yaliyobaki baada ya kila mtu kunywa.

Hilo lina madhara ambayo mtu wa mlimani hayaoni. Mto ukiwa na nguvu, unaisukuma bahari nje. Ukidhoofika, bahari inaingia. Maji ya chumvi ni mazito kuliko maji baridi (pwani maji yasiyo na chumvi tunayaita maji baridi hata yakiwa ya moto), kwa hiyo yanapenya chini chini, yanapanda mtoni wakati wa kujaa, na kupenya kwenye mashamba na visima vya kando. Mnazi unavumilia chumvi kidogo. Mgomba na mpunga havivumilii. Nikiwa mdogo bibi yangu alikuwa na shamba karibu na mto, akipanda mihogo, migomba na mboga. Leo kipande cha chini cha shamba lile hakilimwi. Ukiuliza kwa nini, wanakuambia tu, "Maji yamepanda."

Nilisema bahari inajaa. Watoto wa Stockholm, hapa inabidi nisimame kidogo, maana najua hamjawahi kuliona jambo hili. Baharini kwenu, kule Nynäshamn mnakokwenda kuogelea kiangazi, maji yanakaa pale pale. Ukiacha kandambili zako kwenye mwamba ukingoni, baada ya saa sita utazikuta. Pangani usijaribu. Bahari ya Hindi inajaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na kila siku inachelewa kwa kiasi cha dakika 50 kuliko jana, kwa sababu inaufuata mwezi. Mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji yanajaa sana na kupwa sana. Hiyo inaitwa bamvua, na tofauti kati ya maji ya juu na ya chini inazidi mita tatu, yaani kama urefu wa chumba chako kutoka sakafuni hadi darini. Katikati ya hapo ni maji mafu, yanayopanda na kushuka kidogo tu. Mtoto wa Pangani akiutazama mwezi anajua kesho mama zake watatoka saa ngapi kwenda kuokota chaza na kutafuta pweza miambani.

Na chumvi je? Lita moja ya Bahari ya Hindi ina gramu kama 35 za chumvi. Lita moja ya bahari ya hapa Stockholm ina kama gramu 6. Nilipoogelea hapa mara ya kwanza nilimeza maji kwa bahati mbaya, nikashangaa. Nikamwambia mwenzangu hii bahari yenu imesahauliwa kutiwa chumvi.

Basi huo mto wenye kujaa na kupwa ndio unaovukwa na pantoni kati ya mji na Bweni. Mmepanda zile pantoni za njano za Vaxholm? Ni hivyo hivyo, isipokuwa ya Vaxholm ni bure na ya kwetu unalipa, na ya kwetu utasimama katikati ya baiskeli, mbuzi, magunia ya nazi, pikipiki na bwana harusi. Serikali imeanza kujenga daraja la mita 525 kuvuka mto huo, sehemu ya barabara ya pwani inayotoka Bagamoyo kupitia Saadani mpaka Tanga. Mimi nalisubiri daraja hilo kwa sababu moja. Nilipokuwa na miaka tisa, shangazi yangu aliyekuwa akiishi Bweni alishikwa na uchungu usiku wa manane. Hospitali iko ng'ambo. Pantoni usiku ilikuwa imelala. Wanaume walimbeba kwenye kitanda cha kamba mpaka ukingoni, wakamuamsha mwenye mashua, na maji yalikuwa yamekupwa hata mashua ikawa inabidi kusukumwa kwenye tope kwanza. Mimi nilishika taa ya chemli. Mtoto alizaliwa salama, kwenye mashua, kabla hawajagusa upande wa pili. Lakini nakumbuka mama yangu akisema njiani kurudi kwamba yule mwingine, mwaka uliopita, hakuwahi. Leo nikiwa kazini, gari la wagonjwa likafika ndani ya dakika chache, bado huwa naangalia saa.

Tuje kwenye hali ya hewa, na hapa nina ugomvi kidogo na kamusi. Kamusi zinawaambia kwamba höst kwa Kiswahili ni vuli, vinter ni kipupwe, vår ni masika na sommar ni kiangazi. Kwa kazi ya shule andikeni hivyo, mwalimu atawapa alama. Lakini msiamini sana. Misimu yetu haikutengenezwa na jua kama ya kwenu. Imetengenezwa na pepo.

Pangani iko kwenye digrii 5 na kitu kusini ya ikweta. Stockholm iko kwenye digrii 59 kaskazini. Kwa hiyo hapa siku ya Desemba ina mwanga wa saa kama sita tu na siku ya Juni ina saa zaidi ya 18, wakati Pangani tofauti kati ya siku ndefu kuliko zote na fupi kuliko zote ni kama nusu saa. Jua linachomoza mwendo wa saa kumi na mbili na linazama mwendo wa saa kumi na mbili, mwaka mzima. Ndiyo maana saa ya Kiswahili inaanza kuhesabiwa asubuhi: jua likichomoza, baada ya saa moja ni saa moja. Jaribuni kuhesabu hivyo hapa mwezi wa Desemba, mtachelewa shule! Na huko nyumbani hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuniuliza habari ya vitamini D. Hapa ndilo swali ninaloulizwa na kina mama kila baridi likianza.

Kuanzia Desemba mpaka Machi unavuma upepo wa kaskazi, kutoka kaskazini-mashariki. Ni wakati wa joto. Februari mchana joto linafika nyuzi 32 au 33, na usiku halishuki sana, watu wanalala milango wazi. Kwa karne nyingi upepo huu ndio ulioleta majahazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi. Kisha upepo unalegea na kugeuka, na hapo kati, kuanzia Machi mpaka Mei, inakuja masika, mvua kubwa. Mvua ya masika haifanani na manyunyu ya hapa. Inashuka kama mtu amemwaga ndoo, saa mbili, halafu jua. Baada yake unashika upepo wa kusi kutoka upande wa kusini, ambao ulikuwa ukiyarudisha majahazi makwao. Juni, Julai na Agosti ni kipupwe, mchana nyuzi kama 28, na mama yangu anavaa sweta. Nilipomweleza kwa simu kwamba hapa watu wanavua mashati ikifika nyuzi 18, alinyamaza, kisha akaniuliza kama wana akili timamu. Oktoba mpaka Desemba ni vuli, mvua ndogo zinazokuja na kukatika, halafu kaskazi linarudi.

Kwa mwaka Pangani inapata mvua zaidi ya milimita 1,000, karibu mara mbili ya Stockholm. Najua mnabisha. Stockholm inaonekana kulowa daima kwa sababu mvua yake ni ndogo ndogo na haikauki. Ya kwetu inaanguka kwa pamoja, na ardhi inakauka kabla ya chai ya jioni. Kinachobaki ni madimbwi, na madimbwi yanazaa mbu. Wazazi mnaopeleka watoto likizo, masika na wiki zinazofuata ndio wakati wa kuwa wakali zaidi na vyandarua. Muoneni daktari kuhusu dawa ya kinga ya malaria mapema, kabla hamjasafiri, msingoje wiki ya mwisho. Watoto waliozaliwa huku hawana kinga ya mwili tuliyokuwa nayo sisi tuliokulia kule, hata kama wana damu ya Tanga. Na sisi wenyewe baada ya miaka mingi hapa kinga hiyo imepungua.

Zamani Pangani haikuwa mji wa kusahauliwa na ramani. Katika karne ya 19 misafara iliyobeba pembe za ndovu ilishuka kutoka bara kwa kufuata mto, na pamoja nayo watu waliofanywa watumwa. Kando ya mto kulikuwa na mashamba ya miwa ya Waarabu wa Omani, na waliolima miwa hiyo ni watumwa. Hilo nalisema wazi kwa sababu mtu akienda leo anaonyeshwa milango mizuri tu. Agosti 1888 kampuni ya Wajerumani ilikuja kushika forodha, na upinzani mkubwa wa pwani dhidi yao ulianzia Pangani, ukiongozwa na Bushiri bin Salim. Walimkamata na kumnyonga pale pale Pangani, tarehe 15 Desemba 1889.

Kilichoushusha mji si vita peke yake. Kinywa cha mto kina fungu la mchanga, meli kubwa haziwezi kuingia. Tanga ina ghuba ya kina kirefu. Mwaka 1893 Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga kwenda milimani. Ilifika Mombo mwaka 1905 na baadaye Moshi. Mizigo iliyokuwa ikishuka na mto ikapanda treni. Mwaka huo huo wa 1893 mche wa mkonge uliletwa kutoka Florida. Miche elfu moja ilisafirishwa, ikafika hai 62 tu, na ikapandwa Kikokwe, ng'ambo ya mto kutoka mjini. Kutoka kwenye miche hiyo mkonge ulienea mpaka Tanganyika ikawa ya kwanza duniani, ikitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka katika miaka ya mwanzo ya 1960. Kisha zikaja kamba za nailoni, bei ikaanguka, na mashamba mengi yakageuka vichaka. Kwa hiyo mkiona baba anafunga mzigo juu ya gari kwa kamba ya plastiki, mnayaona yaliyowapata watu wa kwetu.

Kwa sababu ya mkonge, watu wa Pangani si wa kabila moja. Wenyewe wa zamani ni Wazigua, Wabondei na Waswahili wa mrima. Wavibarua wa mkonge, walioitwa manamba, waliletwa kutoka Unyamwezi, Uha, Umakonde, hata Burundi, na wengi hawakurudi. Babu yangu mzaa baba alikuwa mmoja wao. Ndiyo maana nikiulizwa kabila langu navuta pumzi kwanza. Kilichowaunganisha watu hao ni lugha hii mnayojifunza kila Jumamosi, na Shaaban Robert, mshairi na mwandishi mkubwa, alizaliwa mwaka 1909 huko huko, Vibambani, kusini ya mji wa Tanga.

Mji wenyewe una wakazi elfu kadhaa tu. Wilaya nzima, pamoja na vijiji vyake, sensa ya 2002 ilihesabu watu 43,920. Sensa ya 2012 ikahesabu 54,025, na ile ya 2022 zaidi ya 75,000. Hiyo ni karibu sawa na Täby, ila Täby unaweza kuizunguka kwa baiskeli kabla ya chakula cha mchana. Huku Sweden mji mdogo wa shamba maana yake mara nyingi ni mji unaopungua. Sorsele, kaskazini kabisa, ina eneo la zaidi ya kilomita za mraba 7,000 na watu kama 2,400. Japani, ambako kuna vijiji vingi vilivyofunga shule kwa kukosa watoto, hali ni kali zaidi. Wapange Wajapani wote mstari mmoja kwa umri, aliye katikati ana miaka karibu 49. Wasweden, kama 41. Watanzania, kama 18.

Usiridhike na hesabu hizo, lakini. Vijana wa Pangani nao wanaondoka. Yule mtoto aliyezaliwa kwenye mashua sasa ni mtu mzima, anaendesha bodaboda Dar es Salaam. Idadi inapanda kwa sababu wanaozaliwa bado ni wengi, siyo kwa sababu kazi zimekuwa nyingi. Mitaani kwetu utaona watoto na mabibi, na katikati kuna pengo, na pengo hilo ni sisi. Hapa wodini kwangu nina wagonjwa wa miaka tisini wanaotembelewa Jumapili. Kule nina mama wa miaka sabini na tatu anayelea wajukuu wanne na kunitumia ujumbe wa sauti. Sijui nani kati yao ana upweke zaidi, na sitaki kulipima.

Bado sijawaeleza kuhusu Maziwe. Hicho ni kisiwa kidogo cha mchanga baharini mbele ya Pangani, na kwangu ndicho sababu ya kuandika makala hii. Zamani kilikuwa na miti, mivinje mirefu iliyoonekana kutoka mbali, na wavuvi walilala chini yake. Kasa walikuja kutaga hapo kwa wingi hata mwaka 1975 kikatangazwa hifadhi. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 hakukuwa na mti hata mmoja. Wako wanaosema watu waliikata kwa kuni, na miti ikiisha mchanga hauna wa kuushika. Wako wanaosema bahari ilipanda. Mimi naona yote mawili yanaweza kuwa kweli. Leo maji yakijaa, Maziwe inazama yote. Yakikupwa, inatokea tena, mweupe mtupu, watalii wanashuka kupiga picha kisha wanaondolewa kabla maji hayajarudi. Kasa bado wanakumbuka mahali hapo na bado wanakuja, ila wakitaga pale mayai yatazama, kwa hiyo watu wa Ushongo, kijiji cha ufukweni kusini ya mto, wanayahamishia ufukweni kwao na kuyafukia upya. Baada ya miezi miwili hivi vitoto vinatoka na kukimbilia majini. Mchanga ukiwa wa moto sana, wengi wanatoka wa kike. Ukiwa wa baridi kidogo, wa kiume.

Mama yangu aliiona mivinje ile. Mimi sikuiona. Na mjini kwenyewe bahari imekuwa ikila ukingo, minazi ikaanguka na mizizi juu, mpaka ukajengwa ukuta wa kuizuia miaka ya karibuni. Hapa mlipo mambo ni kinyume kabisa. Zama za barafu kuu, Stockholm ilikuwa chini ya barafu yenye unene wa kilomita mbili au zaidi, ardhi ikabonyea chini ya uzito huo, na baada ya barafu kuyeyuka ardhi bado inainuka polepole, kama godoro baada ya mtu kuamka, kiasi cha nusu sentimita kwa mwaka. Mälaren lilikuwa ghuba ya bahari miaka elfu moja iliyopita, sasa ni ziwa. Kwa hiyo mtoto wa Stockholm, ardhi ya mji wako inainuka, na ya mji wa bibi yako inaliwa, ndani ya mwaka mmoja huo huo.

Kwa Jumamosi ijayo, pigeni simu kwa mtu mzima wa nyumbani, popote alipo, awe Pangani, Goma, Lamu au Mbeya. Muulizeni leo unavuma upepo gani na wao wanauitaje, maji ya kunywa wanayapata wapi, na ni kitu gani alikiona alipokuwa mtoto ambacho sasa hakipo. Andikeni majibu kwa Kiswahili, hata mistari mitatu. Mimi nitakuja na ramani nyingine ya mkoa wa Tanga peke yake, na Pangani ipo, nimeshahakikisha. Yule mtoto mwenye kidole ndiye atakayepewa kalamu nyekundu. Maziwe tutaichora kwa nukta.